Pwani imefungwa na nani? Masika nayo ni msimu

Ndugu Mhariri,

Naomba kaupenyo kwenye ukurasa wa barua. Nina neno na wenye hoteli na loji za huku Pangani, na halmashauri pia, na sisi wenyewe watu wa Tanga tunaolalamika kila siku eti utalii ni wa Arusha na Zanzibar. Mvua zikianza tu mwisho wa Machi, ukiuliza chumba unaambiwa pwani imefungwa rudi mwezi wa sita. Imefungwa na nani? Bahari ipo, watu wapo, samaki wapo, kilichofungwa ni geti.

Sisi tuliondoka Tanga mjini mwezi wa tano, mimi na mama watoto, shemeji na watoto, kagari ketu ka kawaida tu wala sio foo wili, tukashika njia ya Pangani. Ni kilomita kama 50 na lami sasa imetandikwa sehemu kubwa, kwahiyo ile hadithi ya zamani ya kukwama na kusukuma gari huku umekunja suruali kwa kipande hiki imepungua sana. Mvua yenyewe ya masika nayo watu wanaiogopa bure, inapiga usiku na asubuhi alafu saa nne jua linatoka minazi inameta na hewa imepoa, sio lile joto la Februari ambalo hata kwenye feni hulali.

Tongoni tulisimama, kama kilomita 17 kutoka mjini. Ukiwa na mwendo unapita hivi hivi bila kujua umepita nini. Pale pana msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine yana nguzo, na nguzo nyingi zimeshaanguka. Bahari ya jirani hapo ndo Vasco da Gama akirudi kutoka India mwanzoni mwa 1499 alichoma moto meli yake mwenyewe, São Rafael, maana mabaharia walikuwa wamekufa wengi mno na waliobaki hawatoshi kuendesha meli tatu. Mwanangu wa darasa la sita alikuwa hajawahi kulisikia hilo na shule yake iko Tanga hapa hapa! Majani yalikuwa yamefika magotini kwa ajili ya mvua, lakini tulikuwa peke yetu, tumekaa tunavyotaka, hakuna wa kutuharakisha.

Kigombe ndo nilipoona faida ya kwenda wakati hakuna wageni. Upepo wa kusi umeshaanza kukaza, ngalawa nyingi zimepandishwa mchangani, wavuvi wako chini ya mkungu wanashona nyavu, na mvuvi asiyekuwa na haraka ya bahari anakupa maneno mpaka unachelewa safari. Wakatuhadithia silikanti, yule samaki ambaye wazungu walidhani ametoweka tangu enzi za madainosa mpaka akavuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na hapa Tanzania kuanzia 2003 wakawa wanaingia kwenye nyavu za jarife zinazotegwa kina kirefu. Ndiyo sababu ya kuwa na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009. Mzee mmoja alisema kwa uvuvi wao yule hana maana, nyama yake mafuta matupu, akacheka. Haya maneno mwezi wa nane huyapati, mwezi wa nane yuko baharini au yuko na mgeni wa kulipa.

Pangani mjini nitapita haraka, Boma na habari za Abushiri, aliyepigana na Wajerumani akanyongwa pale Desemba 1889, wengi mnazijua. Niseme la maji tu. Watu wanakuja masika wanaona mlango wa mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa wanasema bahari chafu, wanageuza. Jamani ule ni udongo! Mto Pangani unaanzia milima ya Meru na Kilimanjaro huko, unatembea kilomita kama 500 mpaka kufika hapa, mvua ikinyesha bara sisi tunaletewa. Ukivuka mto kwenda Bweni ukaenda kusini kidogo, mbali na mlango wa mto, maji yanarudi rangi yake.

Ng'ambo hiyo hiyo kuna Kikogwe, mkonge wa kwanza nchi hii ulipandwa hapo 1893, Mjerumani mmoja wa mambo ya kilimo, Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida ikafika hai 62 tu. Mkoa mzima ukaja kula kwa miche 62, alafu hakuna mtu anasimamisha gari. Haya.

Sasa Ushongo, na hapa ndo hasira yangu ilipo. Kasa wanapanda kutaga kwa wingi zaidi miezi hii hii ya masika. Kule kisiwa cha Maziwe, ambacho siku hizi ni fungu la mchanga lisilo na mti hata mmoja, maji ya bamvua yanafunika viota, kwahiyo mayai yanahamishwa yanaletwa ufukweni Ushongo kufukiwa upya, na baada ya kama miezi miwili vitoto vinatoka vinakimbilia baharini. Yani kitu ambacho mtu anaweza kutoka Dar kuja kukiangalia kinaanza wakati nyie mmefunga! Tulipiga hodi loji moja silitaji jina, mlinzi akasema mpishi karudishwa kwao mpaka Juni na mshahara wake pia uko likizo. Tukalala gesti ya mama mmoja kijijini, akatupikia wali wa nazi na changu wa kupaka, bei ya kibinadamu kabisa, na umeme ulipokatika akaleta karabai tukaendelea na stori.

Najua jibu litakuwa wateja hawapo. Wateja mnaowahesabu ni wale wa ndege tu. Pasaka kila mwaka iko Machi au Aprili, mkaangalie Mombasa wakati huo hoteli zinavyojaa Wakenya wenyewe na familia zao, mvua hiyo hiyo kusi hilo hilo. Tofauti wenzetu wanatangaza bei ya mwenyeji mapema, huku ukiuliza bei unatajiwa dola.

Simdanganyi mtu, sio kila mahali panaendeka. Kutoka Mkwaja kwenda Saadani kwa ndani udongo ni mweusi wa kunata, masika hata foo wili inakaa, na hifadhini kwenyewe njia nyingi zinakuwa hazipitiki, kwahiyo tembo na twiga wa kule wasubirini Julai. Na Maziwe kusi likiwa kali msilazimishe nahodha, akisema leo haiendeki kaeni mle muhogo. Lakini Tanga mpaka Ushongo inaendeka, na mtu akiwa na simu ya kuuliza mbele kuko vipi atafika.

Lami hii ikiunganika mpaka Bagamoyo na daraja la mto likishatumika, magari ya Dar yatapita huku mwaka mzima, mvua isiwe mvua. Halmashauri iweke vibao vikubwa Tongoni na Kigombe kabla ya hapo, vya kusomeka mtu akiwa kwenye mwendo, na akina mama wapewe sehemu ya kuuzia madafu na pweza penye paa. Na wenye loji, acheni hata vyumba vinne wazi na mpishi mmoja. Atakayekuwa wazi Aprili ijayo aandike bei yake kwa shilingi hapa hapa gazetini, mimi na wenzangu kazini tutapiga simu.

Ni mimi msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga