Barua kwa mwanangu: hitilafu bado imo

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na ile programu imefika pia. Mama yako alitaka nikupigie simu, lakini kwenye simu hujibu "sawa, baba" kabla sijamaliza sentensi. Kwa hiyo naandika.

Umesema zoezi la somo la mifumo endeshi limekubali. Nyuzi, yaani sehemu za programu zinazokwenda kwa pamoja, zilikuwa zinagongana, ukaweka usleep, amri ya kusubiri kidogo, katikati, hitilafu ikatoweka, ukaendesha mara mia na zote zikatoka safi. Halafu chini kabisa, kama jambo dogo, ukasema mwezi ujao unaanza mafunzo kazini kwa watu wanaotengeneza vifaa vya hospitali. Habari hizi mbili ziko katika ujumbe mmoja, na hazikukushtua?

Nimeisoma usiku nikiwa zamu. Foleni yako ina mzalishaji mmoja, uzi unaoweka vitu, na walaji wawili, nyuzi zinazovichukua. Mlaji akikuta foleni tupu analala, na pale pa kulala umeandika if, inayoangalia sharti mara moja tu. Akiamshwa, anakwenda moja kwa moja kuchukua kitu bila kuangalia kama bado kipo. Kumbe kati ya kuamshwa na kulishika tena kufuli, lile linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati, kuna nafasi, na mlaji wa pili anaweza kupita hapo akachukua kile kimoja kilichokuwamo. Wa kwanza anaingia, foleni tupu, anasoma takataka. Weka while, ili kila anayeamka aangalie upya. Ni neno moja tu! Hiyo usleep imemchelewesha huyo wa pili kwenye kompyuta yako, siku hiyo, ikiwa haina kazi nyingine. Ihamishie kwenye mashine yenye kori nyingi zaidi, au iliyoelemewa, kerneli, kiini cha mfumo endeshi, itazigawia nyuzi zamu kwa mpangilio mwingine, na kosa lako litaamka.

Mara mia haithibitishi chochote. Unajua mwenyewe kwamba kuongeza moja kwenye namba ni hatua tatu kwa prosesa: kusoma, kujumlisha, kurudisha. Nyuzi mbili zikiingiliana katikati ya hatua hizo, ongezeko moja linapotea bila kelele. Huwezi kuzijaribu njia zote za kuingiliana. Kinachokulinda ni hoja, yaani uweze kueleza kwa nini haiwezekani, si kwa nini haijatokea.

Mhadhiri wenu bila shaka ameitaja Therac-25. Soma tena, mwanangu, safari hii kama mtu anayekwenda kufanya kazi kama hiyo. Mashine ya mionzi ya kutibu saratani. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa 6 walipigwa mionzi kupita kiasi mno, na baadhi yao walikufa. Mashine za kabla yake zilikuwa na vizuizi vya vifaa vyenyewe vya kuzuia hatari. Hii ilitegemea programu. Katika ajali za Texas za mwaka 1986, mhudumu alikosea kuingiza aina ya mionzi, akarudi haraka kwa kibodi akasahihisha. Sumaku za mashine zilihitaji kama sekunde 8 kujipanga, na sahihisho lililoingia ndani ya muda huo halikuonekana na sehemu nyingine ya programu. Skrini ilionyesha taarifa sahihi, mashine ikawa na mpangilio mwingine. Kilichonikaa moyoni ni hiki: kosa lilijitokeza kwa mhudumu aliyekuwa ameizoea kazi, vidole vyake vyepesi. Anayechapa polepole angeijaribu mwaka mzima na kusema iko salama.

Wewe umejaribu kwa vidole vya polepole.

Sisemi hujui. Ile kazi ya jedwali la kurasa, ramani ya kumbukumbu ya kila programu inayoendeshwa, niliisoma nikajisikia vizuri, nikamwonyesha na mwenzangu wa zamu. Michakato miwili, yaani programu mbili zinazoendeshwa, inashiriki ukurasa mmoja wa kumbukumbu, unanakiliwa pale tu mmoja anapotaka kuandika, na kabla ya kupunguza hesabu ya wanaoutumia ulishika kufuli kwanza. Hukuambiwa na mtu. Mama yako naye anawasimulia watu kwamba umeandika sheli yako mwenyewe, programu ya kupokea amri zinazochapwa, na fork, amri ya kuzalisha mchakato mpya, anaitamka vizuri kuliko mimi. Sasa aliyeandika ile ndiye aliyeandika hii? Ndiyo maana nasema ni uvivu wa saa nane za usiku, si ujinga, na uvivu unaniudhi zaidi.

Najua utasema hata baba seva ikigoma huiwasha upya na kurudi kulala. Hayo tutayaongea siku nyingine.

Ukipata muda fungua xv6, ule mfumo endeshi mdogo wa MIT wa kufundishia. Tafuta kila mahali sleep, amri ya kulala, inapoitwa ndani ya kerneli. Utakuta imezungushiwa kitanzi kinachoangalia sharti upya. Hilo litakufaa kuliko kukariri masharti manne ya nyuzi kukwama zikingojeana, ingawa hayo nayo yakariri, mtihani hautakuhurumia. Na soma habari za Mars Pathfinder, chombo kilichotua Mars mwaka 1997: kazi ya daraja la chini la kipaumbele imeshika kufuli, ya daraja la juu inalingojea, ya daraja la kati inajipitia katikati na kuichelewesha ya chini isiliachie, chombo kinajiwasha upya huko Mars. Dalili zilikuwa zimeonekana mara chache kwenye majaribio hapa duniani. Mara chache! Wahandisi walipata chanzo kwa sababu waliiacha ndani ya programu njia ya kurekodi nini kinaendeshwa lini. Wewe umefuta hata zile printf zako za kuonyesha programu imefika wapi.

Huko unakokwenda, ukiona kitu kimekubali bila kujua kwa nini, mwambie mkubwa wako kabla hajakuuliza. Hata kama ni siku ya kwanza. Hata kama watakucheka. Naomba uniahidi hili kwa maandishi, siyo "sawa, baba."

Nyumbani hatujambo. Mdogo wako amehamia kwenye meza yako na ameigeuza kompyuta yako ya zamani kuwa ya michezo. Nimemwambia asifute folda yako, lakini hakikisha una nakala, maana simwamini. Bawaba ya mlango wa nyuma imekatika tena, nangoja fundi. Mama yako amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi kila mahali, hatupumziki. Anauliza kama zile shuka mbili utaenda nazo au zibaki, na kama hao watu wanawapa mahali pa kulala au mnajitafutia. Mjibu leo, ameshaanza kufunga mizigo.

Baba yako