Barua kwa Rukia kuhusu wale kamba wake wa tangini

Kibokoni, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Sisi hapa wazima, mama akusalimu, watoto wakusalimu, hata yule paka wa ngazini nadhani akusalimu. Natumai joto la Muscat halijakumaliza.

Najua umenikasirikia, na haki unayo. Mara ngapi umeniuliza kwenye simu, "Kamba wangu hawajambo?" nami nakurudishia picha ya mikono ya dua, kisha kimya? Tangu Mfungo Mosi, mwezi wa Idd, hadi leo twaingia Mfungo Tano. Nimeona nikuandikie barua kamili, maana kwa simu ungenikatia kabla sijafika nusu.

Basi nalitoa mara moja. Kamba wako nimewaua. Si wote, usilie kwanza. Lakini wale sitini na kitu ulioniachia walibaki tisa. Na hawakuuawa na joto wala dawa ya mbu wala wifi yangu (huyo nitakuja kwake). Niliwaua mimi kwa mkono wangu huu, na nilikuwa nawafanyia usafi.

Wajua nyumba yetu Idd ikikaribia. Mwezi ishirini na nane mapazia yote yalikuwa chini, mikeka juani, mama na ufagio wake kama askari wa zamu. Akafika kwenye tangi lako akasimama. Kioo kilikuwa kimeota kijani, sponji ya kuchujia nyeusi kama mkaa, majani ya mti wa mkungu yameoza yamebaki mishipa mitupu. Akaniambia, "Wageni wa Idd waje waone haya?" Na mimi badala ya kumwambia kuwa mwenyewe Rukia kasema pasiguswe, nikaona haya kweli.

Na saa ile ile, shoga, mfereji ukakohoa.

Unaujua mfereji wetu. Wiki nzima, wiki mbili, kimya, twaishi kwa mitungi ya mkokoteni na pipa la jikoni. Siku hiyo ukatema kutu kidogo, kisha maji hayo, kwa nguvu! Watoto wakapiga vigelegele. Nikajaza pipa, nikajaza masufuria, nikajaza mpaka birika la chai. Kisha nikaligeukia tangi nikaliambia leo na wewe utaoga.

Nikawatoa kamba kwa kichujio cha chai nikawaweka bakulini. Nikasugua kioo pande zote nne. Changarawe nikaziosha kama mchele wa pilau, maji saba. Sponji nikaikamua chini ya mfereji mpaka ikarudi rangi yake ya dukani. Majani nikatupa. Nikajaza maji mapya, yote lita arobaini, moja kwa moja kutoka mferejini, yakinuka ile harufu ya dawa ambayo siku hizo mimi naiita harufu ya usafi. Kioo kiling'aa hata nikajipakia wanja mbele yake.

Usiku baada ya tarawehe nikawaona wanaogelea kwa kasi, juu chini, huku na huku, wote kwa pamoja. Mimi nikamwita mama aje aone walivyofurahi. Rukia, walikuwa wanatafuta mlango wa kutokea. Wakati wa daku nusu wamelala ubavu. Siku ya Idd nilivaa dera jipya na macho mekundu, watu wakadhani nimeguswa na khutuba. Na hawakufa kwa pamoja, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Wiki nzima, wawili leo, watatu kesho, na hao wa mwisho walikuwa na mstari mweupe umezunguka nyuma ya shingo kama pete. Wamejaribu kujivua gamba kabla ya wakati wao, gamba likagoma katikati.

Sasa wifi. Nilimtuhumu Saumu. Na usinihukumu, maana wewe mwenyewe ndiye uliyenitia wasiwasi ule: dawa ya mbu ya kopo na kamba haviishi chumba kimoja, ile pampu huvuta hewa ya chumbani na sumu yake ikaipeleka majini. Na Saumu kwa dawa ya mbu wamjua, hupuliza kama anazima moto. Nikamwambia maneno, mbele ya watu, tena siku ya Idd mosi. Alinyamaza tu, akachukua mtandio wake akaenda zake. Siku ya nne mwanawe akaniletea kopo lenyewe. Tupu. Limekwisha tangu kumi la kati la Ramadhani na hakuna aliyenunua jingine.

Aliyenifungua macho ni yule kijana wa Tudor, wa samaki wa tangini. Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu, "Maji umetoa wapi?" Nikamjibu kwa fahari, mferejini, mapya kabisa. Akashika kichwa.

Kumbe, shoga, miezi yote ile sikuwa hodari, nilikuwa na shida tu. Maji yetu hukaa pipani siku mbili tatu kabla ya kufikiwa, na klorini humo yaruka hewani yenyewe. Kwa hiyo ukame wa mfereji wetu ndio uliokuwa ukiwalinda kamba wako! Siku Mola aliyotuletea maji ndiyo siku waliyokufa. Nimelifikiria hili hata sijui nicheke au vipi.

Na ile sponji nayo. Nilidhani ni uchafu ule weusi. Akanieleza kuwa humo ndimo mna bakteria wanaofanya kazi ya kula sumu: kinyesi cha kamba na chakula kilichooza hutoa amonia, bakteria hao wakaigeuza nitriti, wengine wakaigeuza nitrati, ambayo ikiwa kidogo haiwadhuru. Hao bakteria huchukua wiki nne, tano, sita kujijenga. Mimi niliwakamua wote kwa dakika mbili, tena kwa maji yenye dawa ya kuua bakteria. Uliniambia haya? Nadhani uliniambia. Siku ile ya uwanja wa ndege ulisema mambo mengi na mimi nilikuwa nalia.

Wale tisa nimewalea kama mayatima. Mwezi wa tatu wajua jua la hapa. Kile kipimajoto kilifika 30, siku moja 31, na maji ya moto hayashiki hewa vizuri. Nikaweka feni ndogo ipulize juu ya maji, ikashusha nyuzi mbili hivi. Ila feni hukausha, kila asubuhi tangi limepungua vidole viwili. Nikataka kuongeza maji ya kisima cha msikitini, yule kijana akanizuia: maji yanaporuka huacha chumvi na chokaa nyuma, nawe ukiongeza ya kisima kilicho na chumvi yake mwenyewe, baada ya mwezi una bahari. Masika yalipoingia nikatega ndoo juu ya paa, mbali na mabati, hayo ya mvua ndiyo ya kufidia yaliyoruka. Ya kubadilisha natumia ya pipa, yaliyolala siku mbili na zaidi.

Na usafi? Sasa nasafisha kwa woga. Mara moja kwa wiki natoa lita nne, basi. Navuta kwa ule mpira mwembamba, mdomoni pake nimefunga kipande cha chandarua asije akavutwa mtu. Kioo nakwangua upande wa mbele tu, kwa kadi ya zamani ya benki (hatimaye kadi ile imefaa kitu), pande tatu zilizobaki nawaachia kijani chao, maana ndicho wanachokichuna mchana kutwa. Sponji naiminya mara mbili tatu ndani ya ndoo ya yale maji niliyoyatoa, si zaidi, na haioni mfereji tena. Maji mapya yaingia tone tone, nimepiga fundo kwenye mpira, lita nne zachukua kama saa nzima. Mama hupita akauliza kama nawawekea dripu. Namwambia ndiyo.

Magamba waliyojivua siyatoi, wenyewe huyala. Mchicha nachemsha jani moja, nusu jani, na ukibaki mpaka jioni nautoa. Na majani ya mkungu nimeyarudisha! Haya nilikuwa sijui: yule kijana asema huko Ulaya watu hununua majani ya mkungu kwa pesa, yakavu, yaliyofungwa kwenye pakiti. Sisi hapa twayafagia kila asubuhi tukayachoma. Kama watoto wangeacha kula makungu wakakusanya majani tungekuwa matajiri. Nayaokota yaliyoanguka yenyewe, yaliyogeuka hudhurungi, nayaosha, nayachemsha kidogo yazame.

Basi kwa nini nakuandikia leo na si mwezi uliopita? Kusi limevuma, maji yameshuka 26 bila feni. Wiki nne nyuma nikamwona mmoja, yule mkubwa mwenye wekundu wa pilipili, amebeba mayai chini ya tumbo, ya njano, anayapepea kwa viguu vyake kama anayepepea mkaa. Sikumwambia mtu. Sikukwambia hata wewe, niliogopa kijicho changu mwenyewe. Baada ya siku chache wa pili. Na alfajiri ya leo nimewasha tochi ya simu nikaangalia kwenye yale majani ya kijani uliyoyafunga kwa uzi kwenye jiwe. Rukia! Punje za ufuta zilizoota miguu! Wamekamilika, wadogo hivyo lakini kamba kabisa, na sharubu zao. Nimehesabu kumi na wanne, mmoja akaruka hesabu ikanipotea, nikaanza tena nikapata kumi na moja. Ndiyo maana leo nimepata uso wa kukuandikia.

Mama amekuja kuangalia, akavaa miwani, akasema hao hata kwa kuungia kibaba cha wali hawatoshi, afadhali ungefuga uduvi. Kisha akavuta kiti akakaa pale mpaka adhuhuri.

Saumu bado hanisemezi. Kwenye arusi ya Khadija alikaa meza ya pili, akanipa mgongo na nywele zake nzuri. Nimetaka kwenda mara tatu, mara ya mwisho nilifika mpaka ngazini na sahani ya mahamri nikarudi nayo. Nitasema nini, "Samahani, muuaji nilikuwa mimi"? Wewe ulikuwa naye Makadara darasa moja, wamjua kuliko mimi niliyeolewa na kakake. Humwendea mtu vipi huyu? Kwa maneno, au nimpeleke tu mwanawe aone hawa wadogo, mamake atafuata?

Na mengine ya kuniambia, yajibu yote, usichague. Maulidi waja au ndiyo hadithi za mwaka jana? Ukija waweza kuniletea ile dawa ya kuvunja klorini, chupa ndogo tu, na vile vikaratasi vya kupimia maji? Siku moja mfereji utatoka tena na pipa litakuwa tupu, najijua. Yule kijana wa Tudor ataka kunipa kumi wa buluu nimpe wekundu wakizidi. Wewe ulisema buluu na wekundu wakichanganyika wajukuu hurudi rangi ya matope, au nimeota? Niwaweke chombo mbalimbali? Hawa wadogo nao niwape chakula chao, au kijani cha kioo chawatosha? Na umenikasirikia kiasi gani? Niambie kwa kipimo, sitaki "hapana shoga usijali".

Niandikie, hata kama ni matusi.

Wako,
Mwanajuma

Tena: nilipofika "matusi" stima ikapotea, pampu ikanyamaza. Nimekaa robo saa nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena yapate hewa, wino umeniingia mpaka kwenye leso. Imerudi sasa hivi. Nimehesabu kumi na watatu.