Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA: Wazime, lakini watuambie

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: KUZIMWA KWA INTANETI KWA AJILI YA MATENGENEZO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua nyingi zinazokufikia kuhusu intaneti bila shaka ni za kulalamika kwamba imekatika. Yangu ni tofauti kidogo. Naomba usiwabane watoa huduma wapunguze kuzima mitandao yao kwa matengenezo. Wabane watuambie mapema wanazima lini, wapi na kwa nini.

Nina steshenari hapa Dar es Salaam. Nachapa, natoa kopi, na nawajazia watu maombi mtandaoni: mikopo ya elimu ya juu, vyeti vya kuzaliwa, ajira za serikali. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa faiba, zile nyuzi za kioo zinazobeba intaneti. Kwa hiyo hasira ya mteja naijua, na usiku wa fundi naujua pia.

Mtaani ukiuliza kwa nini mtandao umezimwa, jibu ni moja: wanatuibia bando. Ukweli ni kwamba ruta kubwa, mtambo unaoielekeza data ipite wapi, inaendeshwa na programu, na programu hiyo hutolewa toleo jipya kila mara kuziba matundu ya kiusalama. Mara nyingi huwezi kuibadilisha bila kuiwasha ruta upya. Kwenye kitovu cha mtandao hilo halisumbui sana, kwani kuna ruta ya pili ya kubeba mzigo wakati ya kwanza inahudumiwa. Tatizo ni huku mwisho wa njia. Mlango mmoja wa mtambo unaolisha faiba mtaani hugawanywa kwa nyumba 32, pengine 64, na njia mbadala hakuna. Kadi ya mtambo huo ikibadilishwa, sote tunazimika, na hakuna ujanja.

Halafu kuna barabara. Inapopanuliwa, kebo iliyolazwa kando yake lazima ihamishwe, maana yake ikatwe na kuungwa upya. Uzi wa faiba una unene wa milimita 0.125. Unaumenya, unaufuta kwa spiriti, unaukata kwa kisu chake, kisha mashine inaziyeyusha ncha mbili zishikane. Chembe moja ya vumbi ikiingia, unaanza tena. Kebo ya nyuzi 96 inataka ufanye hivyo mara 96, mvua inanyesha, umejibana chini ya turubai na mwenzako ameshika tochi kwa meno. Ndiyo maana kazi hii huwekwa saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, watumiaji wakiwa wachache.

Watu huuliza pia kwa nini kazi ya dakika arobaini iombewe muda wa saa nne nzima. Kwa sababu fundi mwenye akili hujiwekea muda wa kujaribu alichofanya, na muda wa kurudisha kila kitu kilivyokuwa kikikataa. Wakanada walilijua hilo kwa uchungu tarehe 8 Julai 2022. Kampuni ya simu na intaneti ya Rogers ilikuwa katikati ya maboresho ya kitovu cha mtandao wake, kazi iliyopangwa na iliyofanywa alfajiri, pale wahandisi walipoondoa kichujio kimoja kwenye mipangilio. Taarifa za njia za kupitisha data, ambazo kichujio hicho kilikuwa kinazizuia, zikafurika, ruta za kitovu zikalemewa. Wateja zaidi ya milioni 12 walikosa huduma, wengi hawakuweza kupiga namba ya dharura ya 911, na malipo ya kadi yakakwama nchi nzima. Ubaya zaidi, njia ambayo mafundi wenyewe waliitumia kuifikia mitambo ilitegemea mtandao huohuo uliolala. Kazi yenyewe ilikuwa na mpango. Sasa fikiria zinazofanywa kienyeji, mchana kweupe, kwa sababu meneja anaogopa kuwaambia wateja kwamba atazima.

Hofu hiyo ndiyo inayonifanya nikuandikie. Tukimpigia kelele kila anayetangaza matengenezo, na ninyi mkazihesabu saa zake sawa na za hitilafu, atajifunza kuahirisha. Betri zitazeeka, programu itapitwa na wakati, na siku moja mtambo utajizima wenyewe saa nne asubuhi.

Lakini watoa huduma nao wana lao. Kuna ujumbe niliopata kutoka kwa mtoa huduma wangu: “Ndugu mteja, kutakuwa na matengenezo usiku huu. Tunaomba radhi kwa usumbufu.” Uliingia saa moja asubuhi, mtandao ukiwa umeshakatika na kurudi. Haukutaja eneo wala saa. Wengine huharibikiwa kwanza, kisha hitilafu wakaibatiza jina la matengenezo. Mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika tarehe 12 Mei 2024, hakuna aliyetegemea kupewa taarifa ya kabla. Ile ilikuwa ajali, na iliitwa hivyo. Kila kitu kiitwe kwa jina lake.

Shirika la umeme, TANESCO, tunalisema sana, ila tangazo lake la matengenezo hutaja mtaa, siku na saa. Mamlaka yako ina kanuni za ubora wa huduma na za kulinda watumiaji, zote za mwaka 2018. Zitumie kudai taarifa ya angalau siku tatu kabla, na ujumbe wa pili kazi ikipitiliza muda uliotajwa. Aliyenunua bando la usiku aongezewe muda, maana saa zake ndizo hizohizo za matengenezo, na mwanafunzi anayepakua masomo saa nane usiku si mtumiaji mdogo kwa kuwa wenzake wamelala. Vilevile watazame kalenda. Siku ya mwisho ya maombi ya mkopo, saa tano usiku bado nina vijana kwenye benchi wanasubiri kontroo namba. Usiku huo asiguse mtu ruta.

Na taarifa ije kwa SMS. Kuna wanaoibandika kwenye tovuti yao tu, ambayo aliyezimiwa intaneti hawezi kuifungua.

Naomba kuwasilisha.

Mwenye steshenari,
Dar es Salaam