Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Shehena ya Madini na Malori Yetu

Ndugu wanachama,

Mambo ya ndani ya chama nayapitia haraka, kwa kuwa makabrasha mnayo mkononi. Hesabu zimekaguliwa na Bi Mhazini atazisoma mwenyewe. Ada zinaingia, na safari hii wasafirishaji wamewashinda mawakala wa forodha kwa kulipa mapema, jambo ambalo sikutegemea kuliandika. Wenzetu waliotutoka Mungu awarehemu. Mfuko wa maafa ulitosha bila kukopa. Ofisi bado ni ya kupanga, na paa bado linavuja juu ya meza ya Katibu.

Sasa lile mlilotuagiza. Katika mkutano uliopita vijana walileta hoja kwamba kwa kuwa bandari yetu ya Tanga imechimbwa hadi kina cha mita 13, na meli zinafunga gatini badala ya kushusha kwenye matishari huko nje, basi shehena ya madini inakuja, na chama kiwadhamini wanachama wakope tipa na matrela ya kuisubiri. Mkaitaka kamati ichunguze kwanza soko lenyewe. Badala ya kuipitia dunia nzima juujuu, tulichagua mahali pamoja tukapachimbua: kaskazini ya Sweden, ambako mgodi, reli na bandari vimeishi pamoja kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mgodi mkubwa uko Kiruna. Unatoa mbale ya chuma, yaani mawe yenye chuma ndani yake, kutoka chini ya ardhi, na mwenye mali ni LKAB, kampuni ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1890. Bandari ya nchi yao iko Luleå, lakini bahari ya huko huganda wakati wa baridi. Kwa hiyo walijenga reli ya kuvuka mpaka hadi Narvik, Norway, ikakamilika mwaka 1902. Narvik iko kaskazini zaidi, lakini maji yake hayagandi kwa sababu ya mkondo wa vuguvugu kutoka Atlantiki. Reli hiyo ina kilomita kama 170, haifiki nusu ya reli yetu ya Tanga hadi Moshi.

Treni moja ya huko huvuta mabehewa 68, kila behewa tani 100. Mjumbe mmoja akatoa simu akapiga hesabu palepale: tani 6,800, ukizigawa kwa lori la tani 30, ni malori 226 na mzigo unabaki. Hiyo ni safari moja ya treni, na kwa siku hupita kadhaa. Hapo hoja ya tipa ilianza kupwaya.

Tukaja kwenye bei. LKAB huchimba takriban asilimia 80 ya mbale yote ya chuma ya Umoja wa Ulaya, ungedhani ndiye anayepanga bei. Wapi! Katika uzalishaji wa dunia fungu lake ni kama asilimia moja. Wauzaji wakubwa ni Australia na Brazil, mnunuzi mkubwa ni China, na Kiruna hupokea bei kama sisi tunavyopokea ya mafuta. Hadi mwaka 2010 wachimbaji wakubwa na viwanda vya chuma walikuwa wakikubaliana bei ya mwaka mzima. Baada ya hapo ikawa bei ya siku. Mwezi Mei 2021 tani ilivuka dola 230; ilipofika Novemba mwaka huohuo ilikuwa chini ya dola 90. Desemba 2015 ilishuka hata chini ya 40. Mwenye rejesho la kila mwezi aziweke kichwani tarakimu hizo kabla hajatia saini popote.

Wanapona vipi basi? Hawauzi mawe. Mbale yao ni ya aina inayonaswa na sumaku, iitwayo magnetaiti. Wanaisaga, wanaitenga na uchafu, wanaiviringisha kuwa vidonge vidogo kama gololi, kisha wanavichoma. Magnetaiti ikichomwa hutoa joto lake yenyewe, hivyo mafuta yanaokolewa, na vidonge hivyo viwandani hulipiwa zaidi ya mbale ya kawaida. Jirani yao, mgodi wa shaba wa Aitik, una mwamba maskini kabisa, shaba haifiki kilo 3 kwa tani, na bado unalipa. Mwamba unachenjuliwa hapohapo, kinachopanda treni ni makinikia tu, yaani ule unga wenye madini uliotengwa na mawe, na hayo huyeyushwa ndani ya nchi.

Neno makinikia hakuna asiyelijua tangu yale makontena 277 yaliyozuiwa Dar es Salaam mwaka 2017. Nitasema wazi, ingawa najua baadhi yenu mtanuna: msafirishaji hupenda mawe ghafi kwa sababu ni mazito, tani ndiyo riziki yake. Lakini tani hizo ndizo za kwanza kusimama bei ikianguka.

Si kwamba huko kila kitu ni raha. Desemba 2023 treni ya mbale iliacha reli, njia ikafungwa karibu miezi miwili. Ilifunguliwa Februari, na baada ya siku chache treni nyingine ikaanguka. Mbale ikarundikana mgodini, maana hakuna njia ya pili ya kwenda Narvik. Wasami, wenyeji wafugaji wa kaskazini, wanalalamika kuwa malisho yanamegwa. Mji wenyewe unahamishwa kwa sababu mgodi umeingia chini yake. Agosti 2025 kanisa lao la mbao, zaidi ya tani 600, lilisogezwa likiwa zima kilomita 5 kwa siku mbili. Wenye matrela ya mizigo mikubwa mtafuteni picha zake, mtafurahi.

Ya kwetu pia tumeyaona. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya makaa ya mawe mwaka 2022, makaa ya Ruvuma yalimiminika bandari ya Mtwara, na wapo wenzetu waliokopa wakapeleka malori. Bei ikashuka. Lori la mmoja wao limeegeshwa Kange hadi leo. Tairi za nyuma zimeng'olewa zikauzwa kulipia rejesho la mwezi, na stika ya mkopeshaji bado iko kwenye kioo. Wazee waliokulia kwenye mashamba ya mkonge hawahitaji mfano huu, wao waliiona nailoni ikiingia na soko la mkonge likianguka.

Kamati inapendekeza chama kisidhamini mkopo wowote wa tipa kwa shehena ya madini isiyo na mkataba. Mkataba nao uwe na kiwango cha chini cha tani kinacholipwa hata meli isipotokea. Fedha ya dhamana iende kwenye kukodi yadi karibu na reli, ili malori tuliyonayo yafanye zile safari fupi za kati ya behewa, yadi na gati. Kuna reli ya kisasa (SGR) ya Tanga, Arusha hadi Musoma kwenye mipango ya serikali. Siku ikija, mwenye yadi atakuwa na la kuzungumza.

Makamu wangu hakubaliani nami. Yeye anaona tukisubiri, watu wa Dar watatuwahi, na amepewa nafasi ya kujieleza kabla ya ajenda ya sita. Kura itakuwa ya siri. Mwenye deni la ada anaweza kulipa kwa Bi Mhazini hadi saa nne, baada ya hapo daftari la wapiga kura linafungwa.