Barua kwa shoga yangu: mtoto akishikwa na tetekuwanga

Shoga yangu mpenzi,

Barua yako imefika, na pole sana ya kuuguza. Hata mwandiko umenionyesha kwamba usiku hukulala. Umeniuliza mengi kwa mkupuo, lakini nitaanza na lile ulilolitaja kwa mstari mmoja tu pale chini kabisa: kwamba mdogo wako yupo hapo kwako na ni mjamzito. Hilo ndilo la kushughulikia leo. Mtoto anaweza kusubiri, yeye asisubiri.

Muulize kama aliwahi kuugua tetekuwanga utotoni au kama alichanjwa. Akiwa anakumbuka vizuri kwamba aliugua, basi yaelekea sana ana kinga, ila kliniki awaambie tu. Akiwa hajui, au ana hakika hajawahi, aende mapema, na akifika aseme mlangoni kwamba amekaa nyumba moja na mgonjwa wa tetekuwanga, asiende kukaa kwenye foleni na wajawazito wenzake. Wanaweza kumpima damu waone kama ana kinga. Kama hana, kuna sindano ya kingamwili, kuna na dawa za kupunguza makali ya kirusi, lakini zote zina wakati wake. Hiyo sindano inatakiwa ichomwe ndani ya siku 10 tangu alipokutana na mgonjwa. Chanjo ya tetekuwanga yenyewe haipewi mwenye mimba. Simtishi. Ni kwamba ugonjwa huu kwa mtoto ni wa kusumbua tu, kwa mtu mzima ni mkali, na kwa mjamzito unaweza kushuka mapafuni. Akiupata kabla ya wiki ya 20, mara chache sana humdhuru na mtoto aliye tumboni. Na akiupata siku zile za kujifungua, mtoto huzaliwa bila kinga yoyote kutoka kwa mama yake, na hapo ni hatari kubwa kwa kichanga.

Haya, sasa mtoto.

Kwa ulivyoeleza sioni kingine isipokuwa tetekuwanga. Amenyong'onyea, hataki kula, mwili moto kidogo, kisha vipele viwili vitatu tumboni ukadhani ni mbu, na kufika asubuhi ya pili vimejaa kifuani, mgongoni na usoni. Ndivyo inavyokuja. Huanzia kiwiliwili, uso na kichwani kwenye nywele, halafu ndiyo inasambaa mikononi na miguuni. Kila kipele huanza kama doa dogo, kinavimba, kinajaa maji maangavu kama tone la umande, maji yanakuwa na ukungu, kinapasuka au kinakauka na kufanya kigaga. Lakini ukitaka kuwa na hakika, usikitazame kipele kimoja, tazama mwili mzima. Kwa kuwa vipele hivi huja kwa mafungu kwa siku kadhaa, utakuta sehemu moja ya ngozi ina vya kila rika: hiki kimeota sasa hivi, hiki kina maji, hiki kimeshakauka. Ndui haikuwa hivyo. Vyake viliiva vyote pamoja, na vilijaa zaidi usoni, mikononi na miguuni. Daktari Mwingereza William Heberden ndiye aliyeyatenganisha magonjwa haya mawili vizuri mwaka 1767, maana kabla ya hapo watu wengi waliyachanganya.

Surua nayo ina wekundu uliotandaa, macho mekundu na kikohozi, haina malengelenge ya maji. Ule ugonjwa wa upele nao huwasha zaidi usiku na hupenda katikati ya vidole. Ukiona vipele vimejaa viganjani na kwenye nyayo, au tezi zimevimba shingoni na kwenye mapaja, hapo mpeleke akaangaliwe, maana homa ya nyani pia ina malengelenge na huwezi kuipima kwa macho ya nyumbani. Usishangae ukikuta tetekuwanga mdomoni, kwenye kope, hata sehemu za siri. Mtoto mmoja hupata vipele vichache tu, mwingine hupata 500.

Umeuliza kaipata wapi ilhali shuleni hakuna anayeumwa. Nilipofika kwenye ile habari ya mama mkwe wako na mkanda wa jeshi wiki chache zilizopita, nikasimama. Kirusi ni kilekile. Mtu akishapona tetekuwanga, kirusi hakitoki mwilini, hujificha kwenye mishipa ya fahamu, na baada ya miaka mingi kinaweza kuamka kikawa mkanda wa jeshi. Maji ya yale malengelenge yake yakimgusa mtoto asiye na kinga, mtoto hapati mkanda wa jeshi, anapata tetekuwanga. Tangu kuambukizwa hadi kipele cha kwanza huwa ni siku 10 hadi 21, kwa hiyo hesabu inaweza kukubali. Lakini inawezekana pia ni mtoto mwenzake, kwa sababu mgonjwa huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hata ya kutoa kipele, kwa hewa tu. Nakuomba usilizungumze hili mbele ya mama kwa namna ya kumlaumu. Hakujua, na wewe hukujua. Yeye mwenyewe asiogope kumsogelea mjukuu wake, kwani mkanda wa jeshi hauambukizwi na tetekuwanga ya mtoto.

Kazi yako kubwa wiki hii ni mikono ya mtoto. Naisema hivyo kwa sababu wengi hukimbilia dawa, na tetekuwanga kwa mtoto mwenye afya huondoka yenyewe. Linaloharibu mambo ni kucha. Akijikuna hadi ngozi ichubuke, bakteria wanapita pale, na hapo ndipo unapopata usaha, majipu na makovu ya vishimo. Kwa hiyo mkate kucha leo, uzipige tupa zisiwe na ncha, na umnawishe mikono kwa sabuni mara kwa mara. Usiku mvalishe soksi laini mikononi. Atazivua, utamvalisha tena. Mchana mwambie apapase au apigepige taratibu panapowasha badala ya kukwaruza. Watoto wengine hulielewa hilo haraka kuliko tunavyodhani.

Muogeshe. Najua utaambiwa maji yanaeneza vipele, na kwamba mtoto wa tetekuwanga haogeshwi hadi akauke. Si kweli. Vipele havisambazwi na maji. Vinavyoota kesho vilishapangwa damuni. Maji ya vuguvugu, si ya moto, kwa dakika chache, mara mbili au zaidi kwa siku, huondoa jasho na kutuliza mwasho. Unga wa shayiri uliosagwa laini ukikorogwa kwenye hayo maji unasaidia. Ukimtoa mguse kwa taulo hadi akauke, usimsugue. Kisha mpake losheni ya kalamini panapowasha, ukiepuka macho na mdomo. Mvalishe nguo za pamba zisizobana, na usimfunike mablanketi matatu eti vipele vitoke vyote. Joto huzidisha mwasho, na hilo utaliona mwenyewe usiku wa kwanza.

Akiwa hapati usingizi kabisa kwa kujikuna, mwone mfamasia au daktari akupe dawa ya mzio ya kunywa inayolingana na umri wake. Zile krimu zenye steroidi ambazo watu wanazo ndani kwa ajili ya ukurutu, usimpake.

Kuhusu homa, hapa nisikilize kwa makini. Mpe parasetamoli peke yake, kwa kipimo cha uzito wake kama kilivyoandikwa kwenye chupa, isizidi mara nne kwa saa 24, na umpe pale homa inapomsumbua, si kwa sababu tu kipimajoto kimepanda kidogo. Aspirini usimpe kamwe, wala dawa ya mafua yenye aspirini ndani. Mtoto mwenye tetekuwanga akipewa aspirini anaweza kupata ugonjwa wa Reye, unaovimbisha ubongo na kuharibu ini, na unaua. Ibuprofeni nayo iache, kwani imehusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi kwa watoto wenye tetekuwanga. Soma maandishi ya kila chupa uliyo nayo humo ndani kabla hujamnywesha. Antibayotiki haziui kirusi, kwa hiyo usizinunue kwa kubahatisha. Zitaandikwa na daktari ikiwa vidonda vimeingiliwa na bakteria. Kuna dawa ya kirusi chenyewe, asiklovia, lakini mtoto mdogo mwenye afya kwa kawaida haihitaji. Hupewa vijana na watu wazima, na wale ambao kinga yao ni dhaifu, nayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 24 tangu kipele cha kwanza.

Chakula usimlazimishe. Akiwa na vidonda mdomoni, kitu chochote chenye chumvi nyingi, ndimu au pilipili kitamliza. Mpe laini na kilichopoa. Maji ndiyo ya kusisitiza, kidogo kidogo kutwa nzima. Angalia kama anakojoa kama kawaida.

Sasa nikuambie ni wakati gani unatakiwa kuacha kumuuguza nyumbani. Homa inayokaa zaidi ya siku 4, au inayopita nyuzi 38.9, na zaidi ya yote ile homa iliyokwisha kabisa halafu ikarudi baada ya siku mbili tatu. Hiyo ya kurudi ndiyo wazazi wengi huipuuza, wakidhani ni mkia wa ugonjwa, kumbe mara nyingi ni bakteria wameingia. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono wako: gusa pembeni ya vidonda, sikia kama pana joto kuliko ngozi ya jirani, pamevimba, pamekuwa pagumu, au mtoto anaruka kwa maumivu ukipagusa. Maumivu makali mahali ambapo jana palikuwa pakiwasha tu, mpeleke siku hiyohiyo.

Na haya hayasubiri hata asubuhi: anapumua kwa shida au anakohoa sana, ni mzito kuamka au anaongea visivyoeleweka, shingo imekakamaa, anatapika bila kukoma, anayumba akitembea kama mlevi, amepata degedege, au vipele vimegeuka kuwa vya damu. Hilo la kuyumba watu hulidhania ni uchovu wa homa. Si uchovu, ni ubongo umeguswa. Ukimpeleka, tangulia kupiga simu au mtu mmoja aingie kwanza akaseme ni tetekuwanga, wamtafutie mahali pa peke yake.

Na mtoto wako wa pili, asiyeugua bado, ndiye anayefuata. Ndani ya nyumba moja, watu wasio na kinga karibu wote huipata, na mtoto anayeambukizwa na ndugu yake mara nyingi hutoa vipele vingi kuliko wa kwanza, pengine kwa sababu amekaa karibu na mgonjwa muda mrefu. Kama ameshatimiza mwaka, uliza kama chanjo inapatikana huko kwenu: ikichomwa ndani ya siku 3 hadi 5 tangu akutane na mgonjwa inaweza kuuzuia au kuupunguza sana. Kama haipo, weka alama kwenye kalenda, uanze kumtazama kuanzia siku ya 10. Ila usikubali ule ushauri wa kuwalaza kitanda kimoja ili waugue wote wamalize. Huwezi kuchagua nani atapata tetekuwanga nyepesi na nani nzito.

Chanjo hiyo, kwa taarifa yako, ilianza na mzazi kama wewe. Daktari Michiaki Takahashi wa Japani alimwona mwanawe akiteseka vibaya na tetekuwanga mwaka 1964, akaenda kuifanyia kazi hadi akaitangaza mwaka 1974. Marekani waliiidhinisha mwaka 1995. Hutolewa dozi mbili, na aliyechanjwa akiugua, mara nyingi ni vipele vichache visivyojaa hata maji.

Shuleni arudi vipele vyote vikishakauka na kufanya vigaga, kwa kawaida baada ya siku 5 hadi 7 tangu cha kwanza. Huna haja ya kungoja vigaga vidondoke. Hivyo huchukua wiki moja au mbili, na usivibandue hata kama vinaning'inia. Mwambie mwalimu mapema, huenda darasani yumo mtoto anayetibiwa saratani, au shuleni kuna mwalimu mjamzito. Madoa yatakayobaki, meusi au meupe, yatafifia kwa miezi. Usiyapake chochote cha kuchubua.

Niandikie mara tu mdogo wako atakapopata majibu ya damu, hata kama ni mstari mmoja. Msalimie mama, na umbusu mgonjwa, mimi nimeshaugua.

Wako,
Shoga yako