Wazee wa Nachingwea wahojiwe wangali hai

Mhariri,

Kila tarehe 25 Juni Msumbiji huadhimisha uhuru wake wa mwaka 1975. Ni tarehe ileile ambayo FRELIMO, chama kilichopigania uhuru huo, ilizaliwa mwaka 1962, na ilizaliwa hapa nchini, Dar es Salaam. Ni huko pia Eduardo Mondlane, kiongozi wake wa kwanza, alipouawa kwa bomu la kifurushi, Februari 3, 1969. Vijana wetu wangapi wanalijua hilo?

Wapiganaji wake walifunzwa hapa Tanzania, katika kambi za Kongwa na Nachingwea. Wananchi wa kusini, maskini wenyewe, waliwapokea wakimbizi na kugawana nao chakula, na wengine walilipa kwa damu Wareno, wakoloni wa Msumbiji, waliposhambulia vijiji vya mpakani. Wamakonde wapo ng'ambo zote mbili za mto Ruvuma ulio mpakani; kwao mkimbizi yule hakuwa mgeni, alikuwa ndugu. Na Msumbiji haikusahau: nchi changa, yenye shida zake, ilituma askari kutusaidia katika vita vya Kagera.

Leo tuna Daraja la Umoja linalotuunganisha na Msumbiji pale Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010. Nalifurahia sana. Lakini walioishi na wapigania uhuru wanazidi kututoka, na masimulizi yao wanaondoka nayo. Naiomba wizara inayohusika na mambo ya kale, pamoja na vyuo vyetu vikuu, watume watu Lindi, Mtwara na Ruvuma wakawarekodi wazee hawa. Wenzetu wa Maputo washirikishwe, maana historia hii ni yao pia.

Msomaji wako,
Mtwara