Limau lisipakwe usoni kwa mama anayekaribia kukoma hedhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu ukurasa wa urembo wa Jumamosi iliyopita, ule ulioshauri wanawake wa rika zote wasugue uso kwa limau na sukari ili ngozi ing'ae. Mimi ni muuza dagaa hapa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, nina miaka 47. Ushauri ule ulisomwa kwa sauti kwenye meza ya jirani yangu, na akina mama waliokuwa wakisikiliza wengi ni wa umri wangu. Limau wanalo kikapuni tayari, maana ndilo tunalotolea shombo mikononi jioni kabla ya kupanda daladala. Kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyehitaji kwenda dukani ili ajiumize.

Ngozi ya binti wa miaka 20 na ya mama wa miaka 47 hazifanani, na sababu yake inajulikana. Mwanamke akishavuka miaka 40, hedhi ikiwa bado inakuja, homoni ya estrojeni huanza kuyumba, mara iko juu, mara imeshuka. Hali hiyo huweza kudumu miaka kadhaa. Wengi wetu hufikia ukomo wenyewe kati ya miaka 45 na 55, na husemwa umefika pale hedhi inapokuwa haijaonekana kwa miezi 12 mfululizo. Dalili nyingine tunazisimuliana: joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, usingizi kukatika usiku wa manane, hedhi kuja inavyotaka. Habari ya uso hatuambiwi.

Estrojeni husaidia ngozi kutengeneza mafuta yake, kushika maji na kubaki nene. Inapopungua, lile tabaka la juu linalozuia maji yasitoke hudhoofika. Maji yanatoka, na vitu vya nje vinapenya kwa urahisi. Ndipo mama aliyepaka mafuta fulani tangu ujana wake anashangaa kuona mafuta yale yale yanamchonyota. Akishanawa, uso unavutana. Mashavu na pembeni mwa pua panapauka na kutoka magamba madogo, panawasha, kisha wiki nyingine panatulia kana kwamba hapakuwa na kitu. Huko kwenda na kurudi ndiko kunakowapoteza watu. Mmoja ataambiwa ana fangasi, mwingine kwamba damu yake ni chafu, mwingine kwamba kuna mtu kamchezea. Mimi mwenyewe niliambiwa na mteja, mtu mwema kabisa, kwamba ninaoga maji ya ziwa mno.

Sasa limau. Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, kama 5 kwenye kipimo cha pH, ambacho namba ikishuka uasidi unazidi. Maji ya limau ni kama 2, makali mno kwa ngozi iliyokwisha kudhoofika. Juu yake ongeza chembe za sukari zinazokwaruza, kisha mama huyo atoke kwenda kugeuza dagaa juani. Limau na ndimu, hasa maganda yake, vina kemikali ambazo zikikutana na jua kwenye ngozi huunguza, na sisi wenye ngozi nyeusi kila palipoungua hubaki doa jeusi kwa miezi mingi. Mkononi limau linaondoa shombo vizuri na ngozi ya kiganja ni nene, inavumilia. Ya shavuni haiwezi.

Na sabuni tuitazame vilevile. Sabuni ya mche na hata nyingi za kuogea ziko upande wa pili wa kipimo hicho, 9 hadi 10. Mtu wa Mwaloni hunawa uso mara nyingi kwa siku, kwanza kwa sababu ya shombo, halafu sasa kwa sababu ya lile joto la ghafla linalomtoa jasho hata asubuhi kukiwa na baridi. Kila akinawa kwa sabuni, anaondoa mafuta machache ambayo mwili umejitahidi kuyatengeneza. Wenzetu wanaokausha sangara kwa moshi wana tabu zaidi, kwa kuwa wanakaa mbele ya moto kutwa.

Tena kuna watu wanaoamini kwamba anayeishi kando ya ziwa hakauki ngozi. Waje hapa Juni hadi Agosti upepo wa kiangazi ukivuma, waone midomo yetu. Mwanza iko chini ya digrii 3 kusini mwa ikweta, na uso wa Ziwa Victoria uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua letu ni kali mwaka mzima, linatupiga kutoka juu na jingine linarudi kutoka kwenye maji na mchanga.

Shangazi yangu, muuguzi mstaafu anayeishi Nyakato, ndiye aliyenieleza la kufanya, na nimelifuata hadi leo. Asubuhi nanawa uso kwa maji matupu, ya uvuguvugu, kwa vidole, bila dodoki. Jioni natumia sabuni laini ya maji isiyo na manukato, kidogo tu, sehemu zenye uchafu. Najikausha kwa kugusagusa na khanga iliyochakaa, sisugui. Uso ukiwa bado na unyevu, nachanganya matone machache ya gliserini na maji kiganjani, napaka, halafu juu yake naweka mafuta ya mgando, tabaka jembamba. Hapo ndipo penye siri yote: gliserini huvuta maji, mgando huyazuia yasitoke. Ukipaka mgando juu ya uso uliokwisha kukauka, unafungia ukavu ndani. Chagua mgando usionukia wala kutiwa rangi, maana manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoiwasha sana ngozi ya namna hii. Hata mafuta ya watoto mengi yana manukato, kwa hiyo picha ya mtoto kwenye chupa isikudanganye. Kitu chochote kipya jaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko na usubiri siku mbili.

Mchana, kofia pana. Mafuta ya kuzuia jua ya kiwango cha SPF 30 au zaidi ni mazuri sana kwa anayeweza kuyanunua, nayo hupakwa upya kila baada ya saa mbili kwa anayeshinda nje. Najua bei yake inawashinda wengi, na ndiyo maana nasisitiza kofia, kivuli, na kugeuza dagaa mapema kabla jua halijawa la utosi. Saluni nazo, hasa wakati wa sendofu, hutuwekea stimu na skrabu. Mama ambaye uso wake unachonyota akatae zote mbili, hata kama bibi harusi ni mwanawe.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu hasa ni mkorogo. Mama akilalamika kwamba uso umepauka na una madoa, anaelekezwa kwenye meza ya vipodozi na kupewa kopo lisilo na lebo. Mwenzetu mmoja hapa alipewa. Mwanzoni uso ulilainika, kuwasha kukaisha, sote tukamsifia. Baadaye ukawa mwekundu, ukatoka vipele, mishipa ikaonekana mashavuni, na kila alipojaribu kuacha ukawaka moto. Daktari alimwambia ndani yake mlikuwa na steroidi, dawa inayopunguza uvimbe na muwasho upesi lakini ikitumika muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba. Fikiria ngozi ambayo umri umeanza kuipunguza unene, halafu inapunguzwa tena kwa dawa. Mikorogo mingine huwa na haidrokwinoni au zebaki, ambazo zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, na zebaki huharibu figo. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko kwa Shirika la Viwango, TBS. Nawaomba waje mara kwa mara kwenye meza na vibanda, wasiishie kwenye maduka makubwa. Na aliyekwisha kutumia krimu ya namna hiyo asiiache ghafla peke yake nyumbani. Aende kwa daktari na kopo lake mkononi.

Si kila ukavu ni wa umri huu, hilo pia gazeti lingesema. Ukavu wa mwili mzima pamoja na uchovu, baridi isiyo na sababu na unene unaoongezeka unaweza kutokana na tezi ya shingo. Wekundu usioondoka, kidonda kisichopona, doa linalotoa damu, vyote ni vya kupelekwa hospitali. Na vidonge vya homoni havitolewi kwa ajili ya ngozi ya uso peke yake. Anayevitaka kwa sababu ya joto na kukosa usingizi akazungumze na daktari wake.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa ule ule wa Jumamosi umtafute daktari wa ngozi na daktari wa akina mama, waandike juu ya uso wa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi, kwa herufi kubwa zile zile zilizotumika kwa limau, na ushauri wa limau ufutwe waziwazi. Wasiishie kutaja vitu vya madukani Dar es Salaam, waseme vinavyopatikana kwenye duka la dawa muhimu la Igoma au Buhongwa, hata kule Ukerewe. Maswali ya wenzangu wa Mwaloni nimeyaandika kwenye daftari. Mkiniambia niyatume kwa nani, yatawafikia.

Muuza dagaa,
Mwaloni, Kirumba,
Mwanza